Walimu wa Kwetu Wanahitajika Mae Sot

Walimu wa kujitolea wanaofika katika shule za wahamiaji za Mae Sot, mpakani mwa Thailand na Myanmar, wengi wao hutoka Ulaya, Marekani, Australia na Japani. Mwalimu kutoka Afrika ni nadra, na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Afrika ni nadra zaidi. Mimi nilibahatika kwenda kupitia mpango unaotafuta walimu wenye uzoefu wa madarasa ya awali. Nilikaa huko msimu wa mvua, na nimerudi kwetu Kasulu, mkoani Kigoma, na neno moja la kuwaambia walimu wenzangu wa Tanzania, Kenya na Uganda: kazi ile inatuhitaji sisi. Mwalimu aliyezoea watoto tisini kwenye chumba kimoja, vitabu vya kugawana wanne wanne na chaki ya kuhesabu, anaingia katika shule zile akiwa anajua tayari nusu ya mambo ambayo mgeni mwingine atahitaji miezi kuyaelewa.

Nieleze kwanza mahali penyewe, maana kwetu hapajulikani sana.

Mae Sot ni mji wa mkoa wa Tak, magharibi mwa Thailand, yapata kilomita 500 kutoka Bangkok. Ukipanda basi la usiku unashuka alfajiri. Upande wa pili wa mto Moei ni Myawaddy, katika jimbo la watu wa kabila la Wakaren, Myanmar. Lipo Daraja la Urafiki lililofunguliwa mwaka 1997, na la pili limefunguliwa 2019, lakini mto wenyewe si mpana, na watu wamekuwa wakiuvuka kwa mitumbwi na kwa maboya ya mipira ya matairi miaka yote. Mwaka 1984 walivuka Wakaren waliokimbia vita. Mwaka 1988, baada ya maandamano makubwa ya Burma, kama Myanmar ilivyoitwa wakati ule, kuzimwa kwa risasi, walivuka wanafunzi na wasomi. Baadaye wakaja watu wa kutafuta riziki: viwanda vya nguo vya Mae Sot, mashamba ya mahindi na miwa, mashamba ya mawaridi kule Phop Phra. Kisha jeshi likapindua serikali tarehe 1 Februari 2021, na mto ukajaa watu tena.

Mmoja wa waliovuka 1988 alikuwa daktari kijana, Cynthia Maung. Mwaka 1989 alifungua zahanati ya Mae Tao, na kazi yake ilimpatia Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2002. Wagonjwa na wafanyakazi wa zahanati walikuwa na watoto, watoto wakahitaji shule, na mwaka 1995 shule ikaanzishwa. Vituo vingine vingi vilizaliwa kwa namna hiyo hiyo: mchungaji anakusanya watoto sebuleni, mtawa anafungua banda la hekalu, mama mmoja anaanza na watoto wa wafanyakazi wa shamba ili wasishinde peke yao kwenye vibanda. Leo mkoa wa Tak una vituo zaidi ya sitini vya namna hii.

Mtu atauliza kwa nini watoto hao hawaendi shule za serikali ya Thailand. Kwa sheria wanaruhusiwa. Mwaka 2005 baraza la mawaziri la Thailand liliamua kwamba kila mtoto, hata asiye na karatasi yoyote, apokelewe shuleni, na asiye na kitambulisho hupewa namba inayoanza na herufi G. Ni uamuzi wa kuheshimiwa, na wapo watoto wengi wanaofaidika nao. Lakini mtoto wa miaka kumi asiyejua Kithai hupangwa darasa la kwanza na watoto wa miaka sita. Shule iko mbali na shamba anakoishi. Wazazi huhama mavuno yakihama. Na Thailand haikutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kwa hiyo mtu aliyekimbia vita lakini anaishi nje ya kambi tisa za mpakani huhesabiwa kuwa mhamiaji tu, mwenye kibali au asiye nacho. Mzazi asiye na kibali huona heri mtoto asome jirani, kwa mwalimu anayeongea lugha yake.

Kituo nilichopangiwa kiko kando ya shamba la miwa. Ni jengo moja refu la mbao, limeezekwa bati, limegawanywa madarasa kwa kuta za mianzi iliyosukwa, na kuta hizo zinaishia usawa wa bega la mtu mzima. Asubuhi watoto hushushwa na gari la wazi, wamesimama wamebanana, mashavu yamepakwa thanaka, unga wa gome la mti unaosagwa kwa maji juu ya jiwe, kama liwa ya pwani. Mwalimu akiingia wanasimama, wanakunja mikono kifuani, wanamwamkia kwa sauti moja. Ukimpa mtoto daftari, anapokea huku mkono mmoja umegusa kiwiko cha mwingine. Nilipoona hivyo siku ya kwanza nilihisi niko Heru Juu, kwetu Kasulu.

Tatizo la kwanza la shule ile ni kelele. Naomba nilieleze kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalofanya mafunzo mengi yanayoletwa na wageni yaishie kabatini.

Kuta zikiishia begani, sauti ya darasa la pili ndiyo sauti ya darasa la tatu. Mwalimu wa chumba cha kati anafundisha kugawanya huku kushoto watoto wanakariri herufi na kulia wanaimba jedwali la sita. Mvua ikija juu ya bati, somo linakufa. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, wote wanasubiri. Sasa katika jengo hilo anakuja mkufunzi kutoka nchi ambayo darasa lina watoto ishirini na mlango unaofungwa, anaendesha warsha ya siku tatu kuhusu mbinu shirikishi. Kazi za vikundi, maswali na majibu, maigizo, michezo. Warsha inafanyika kwenye ukumbi mzuri mjini, kila mtu anafurahi, vyeti vinatolewa. Jumatatu mwalimu anapanga watoto katika vikundi sita, vikundi vinaanza kujadiliana, na dakika tano baadaye mwalimu wa jirani anachungulia juu ya ukuta kuomba radhi kwamba hasikiki. Jumanne wamerudi kwenye kukariri kwa pamoja. Mgeni akitembelea mwezi ujao anaandika kwenye ripoti kwamba walimu hawataki kubadilika.

Kukariri kwa pamoja kunadharauliwa sana na wageni, na mimi naona wanakuharakishia hukumu. Kama kitabu ni kimoja, kwaya ndiyo njia ya kumfanya kila mtoto ashike maneno ya kitabu mdomoni. Na katika jengo la kuta fupi, sauti ya watoto wako thelathini na tano ndiyo inayowakinga wasisikie darasa la jirani. Walimu wale hawakukosa mbinu. Walikuwa wamepata ufumbuzi wa tatizo ambalo mkufunzi hakuliona kwa sababu kwao halipo.

Kwetu lipo. Shule ngapi za Kigoma, Geita au Turkana zimewahi kuwa na madarasa mawili chumba kimoja, mmoja akiangalia ubao wa mbele na mwingine wa nyuma? Kwa hiyo nilipokaa na walimu kwenye benchi baada ya vipindi, sikuleta nadharia. Niliwaeleza tunavyopanga ratiba ili darasa lenye kazi ya sauti litoke chini ya mti wakati la jirani linaandika, halafu wanabadilishana. Niliwaonyesha kazi ya wawili wawili inayofanyika kwa kuandika tu: mmoja anaandika swali kwenye kibao, mwenzake anajibu, wanabadilishana vibao na kusahihishana bila kusema neno. Mwalimu mkuu, mwanamume wa makamo mwenye subira, alichukua ratiba ukutani akaichora upya jioni ile ile. Wiki ya pili madarasa mawili yalikuwa yanapishana. Mvua bado ilikuwa mvua, hilo hatukulipatia dawa.

Jambo la pili ni kusoma, na hapa nikae kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili tangu kabla ya mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2015, na nilikwenda nikidhani sitakuwa na la kusema juu ya maandishi ya Kiburma, ambayo siwezi kusoma hata mstari mmoja. Nilisimama mlangoni mwa darasa la kwanza nikasikia watoto wanaimba chati. Konsonanti moja inapitishwa kwenye irabu zote, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Ka, kaa, ki, kii, ku, kuu. Mpangilio ni ule ule wa ba, be, bi, bo, bu. Kiburma kina konsonanti 33, na irabu ni alama zinazobandikwa kuizunguka konsonanti: nyingine juu, nyingine chini, nyingine mbele yake, nyingine nyuma yake.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu. Tuliitana Sayama, ndivyo mwalimu wa kike anavyoitwa huko. Alikuwa amefundisha shule ya serikali ndani ya Myanmar, akagoma baada ya mapinduzi, akavuka mto na familia yake. Kwa Kiingereza chake na changu, na kijana mmoja mhitimu wa kituo hicho akitutafsiria tulipokwama, nilimwomba aelekeze fimbo kwenye silabi moja katikati ya chati bila kuanzia mwanzo wa mstari. Alinitazama akacheka, kwa sababu alijua nitakachokiona. Watoto walinyamaza. Kisha mmoja mmoja wakaanza kunong'ona mstari tangu mwanzo, wakihesabu kwa kidole, mpaka wafike pale. Kila mwalimu wa darasa la kwanza anayesoma hapa anamjua mtoto huyo. Anaimba chati yote bila kosa, na hajui kusoma.

Nilimweleza tunavyofanya: vizibo vya soda, kila kimoja kimeandikwa silabi, mtoto anavichanganya mezani na kuunda maneno, ili silabi itoke kwenye wimbo na kuwa kitu cha kushika. Vizibo tuliokota vya kutosha, vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Tukaandika, tukajaribu, na haikufaa vizuri, kwa sababu alama ya irabu ya Kiburma haikai peke yake pembeni kama silabi yetu inavyofuatana na nyingine. Inaizunguka konsonanti.

Sayama alichukua boksi la tambi, akakata kadi yenye dirisha katikati, akachora alama ya irabu pembeni mwa dirisha, juu au chini au kushoto, kadiri ya irabu. Kisha akakata utepe mrefu wa boksi hilo hilo ulioandikwa konsonanti moja chini ya nyingine, akaupitisha nyuma ya dirisha. Ukivuta utepe, kila konsonanti inayotokea dirishani inakutana na irabu ile ile, na mtoto anasoma. Ukivuta kwa kurukaruka, hakuna wimbo wa kumsaidia. Akatengeneza kadi nyingine, na nyingine. Mwisho wa wiki kila benchi lilikuwa na dirisha lake, na mtoto mmoja anavuta utepe huku mwenzake anasoma, kwa sauti ya chini ambayo haikumsumbua jirani.

Mimi sikuwa na wazo la dirisha. Yeye hakuwa na wazo la vizibo. Nimelileta dirisha kwetu na sasa ninalitumia kwa mba, nda, nja na ng'a, zile sauti zinazowachosha watoto wetu muhula mzima. Mwalimu mwenzangu wa mkondo wa pili ametengeneza lake kwa boksi la sabuni. Nikisema kubadilishana mawazo namaanisha kitu cha namna hii, chenye mkasi na boksi, kilichofanywa na watu wawili wanaofundisha darasa moja, kila mmoja kwao.

Angekuwa ni mgeni aliyechukua darasa kutoka kwa Sayama ili afundishe mwenyewe, kadi zile zisingekuwapo. Hili nalisema kwa mkazo, kwa kuwa ndiyo desturi iliyoenea. Mgeni anakuja kwa wiki tatu, anapewa darasa la Kiingereza kwa sababu Kiingereza ndicho anachokijua, mwalimu mwenyeji anakwenda kukaa ofisini, watoto wanajifunza nyimbo na majina ya rangi. Mgeni anaondoka. Anakuja mwingine, anaanza tena na majina ya rangi. Nilikutana na watoto waliofundishwa rangi na wageni wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na walikuwa na adabu ya kujifanya hawazijui.

Na kuna hesabu ya fedha ambayo mgeni mwenye dhamiri lazima aifanye. Nauli ya ndege ya mtu mmoja kutoka mbali inaweza kumlipa mwalimu mwenyeji kwa miezi kadhaa. Walimu wa vituo hivi wanalipwa posho iliyo chini kabisa ya kima cha chini cha mshahara wa nchi ile, na mfadhili akijitoa, hata hiyo hukatika. Sisi tunaijua hali hiyo: shule zetu zimejaa vijana wenye shahada wanaoitwa walimu wa kujitolea, wanaolipwa kwa michango ya wazazi huku wakisubiri ajira. Kwa hiyo ningependa waende wageni wachache zaidi, wakae muda mrefu zaidi, na wakae na walimu. Anayeweza kwenda kwa wiki tatu tu ni afadhali atume nauli ile.

Juu ya walimu wenyewe yapo mengi. Mei 2021 shirikisho la walimu la Myanmar lilisema walimu zaidi ya 125,000 wamesimamishwa kazi kwa kugoma kuufanyia kazi utawala wa kijeshi. Wengi walifunguliwa mashtaka, wengine wakavuka mpaka. Ndiyo sababu katika baadhi ya vituo unamkuta mwalimu mwenye stashahada na uzoefu wa miaka mingi amekaa benchi moja na kijana wa miaka ishirini aliyesoma hapo hapo na kurudi kufundisha bila cheti chochote cha ualimu. Vijana wale walinikumbusha walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi yetu ilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza huku wakifundisha. Walidharauliwa sana, na wanadharauliwa mpaka leo. Aliyenifundisha kusoma alikuwa mmoja wao. Nilipowaeleza vijana wale habari hiyo walitaka kujua kila kitu: walifunzwa na nani, jioni au likizo, walipewa cheti baada ya muda gani, serikali iliwatambua lini. Kikao hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote, na hakuna mkufunzi wa Ulaya ambaye angeweza kukiendesha.

Walimu hao wanaishi kwa hadhari. Barabara ya kutoka Mae Sot ina vizuizi vya ukaguzi, na asiye na kibali haendi mbali na mji. Picha ni jambo la hatari. Uso wa mwalimu aliyegoma ukionekana mtandaoni, ndugu zake waliobaki Myanmar wanaweza kufuatwa. Kituo changu kilikuwa na utaratibu mkali: hakuna picha ya mtu, hakuna jina, hakuna kibao cha shule. Mgeni asiyeweza kuishi bila kupiga picha na watoto na kuzitundika asiende. Nimeandika makala hii nzima bila kutaja jina la kituo, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna suala la lugha ambalo nalo ni letu kabisa. Mtoto wa Kikaren anaongea Kikaren nyumbani, anafundishwa kwa Kiburma, anahitaji Kithai ili apate kazi au ahamie shule ya serikali, na Kiingereza ili afanye mitihani ya kimataifa ambayo vijana wengi wa huko huitegemea baada ya sekondari. Kithai, Kiburma na Kiingereza kila kimoja kina maandishi yake. Walimu waliniuliza kwetu tunafanyaje. Niliwaambia ukweli: mtoto wa Kasulu anaongea Kiha nyumbani, anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anaingia darasani na kila somo limegeuka Kiingereza, na wengi huzama. Niliwaambia kuhusu kozi ya wiki chache ya kuwaingiza kwenye Kiingereza, na kwamba haitoshi. Niliwaambia kinachosaidia zaidi kuliko kozi: mwalimu wa sayansi anayekubali mtoto aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha maneno ya Kiingereza yaandikwe pembeni mwa ubao, yabaki hapo wiki nzima. Wao walikuwa na mtoto anayejiandaa kuhamia shule ya Kithai, na hofu yake ilikuwa ile ile ya mtoto wetu anayeingia kidato cha kwanza Januari, ya kuonekana mjinga katika somo ambalo jana alikuwa wa kwanza.

Kisha kuna mtaala. Ufuate wa nchi uliyotoka, kwa matumaini ya kurudi, au wa nchi uliyopo? Mimi nimekua jirani na swali hilo. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 hapa hapa wilayani Kasulu, kwa miaka mingi imekuwa na watoto wa Kikongo wanaosoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa na watoto wa Kirundi wanaosoma wa Burundi, wakati ng'ambo ya barabara watoto wetu wanasoma wa Tanzania. Vipo vizazi vya watoto waliozaliwa kambini na kumaliza shule ya nchi ambayo hawajawahi kuiona. Huko Mae Sot kila kituo kinajijibia. Vingine vinashika Kiburma, vingine vinachanganya Kiburma na Kithai asubuhi na mchana, vingine vina njia mbili kabisa. Tangu mapinduzi, kufanya mtihani unaotambuliwa na serikali ya Myanmar kumekuwa kugumu kwa mwalimu anayesakwa na serikali hiyo hiyo. Sikutoa ushauri juu ya hili. Niliwasimulia Nyarugusu, wakanisimulia kwao, na nadhani walipata faraja ya kujua kwamba si wao peke yao waliowekwa njia panda.

Watanzania tunapaswa kuiona kazi hii kama yetu kwa sababu nyingine pia. Tumekuwa wenyeji wa shule za uhamishoni kwa muda mrefu. Taasisi ya Msumbiji ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, Morogoro, na mwaka uliofuata wakaanza shule ambayo baadaye iliitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Walimu wa kujitolea walikuja Mazimbu kutoka nchi nyingi, wakakaa miaka, wakafundisha pamoja na Waafrika Kusini wenyewe. Shule ilikabidhiwa Tanzania mwaka 1992, na leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wazee wa Morogoro wanakumbuka. Nchi iliyowahi kupokea kiasi hicho ina walimu wanaoweza kwenda.

Kikwazo ni utaratibu. Mashirika mengi ya kujitolea hutangaza kwa Kiingereza cha vyuo vikuu, na hudai mtu ajilipie nauli na malazi, jambo ambalo kwa mshahara wa mwalimu wa msingi haliwezekani. Nayatafuta na kuyahimiza yale machache yanayolipa nauli na posho ya kujikimu kwa mwalimu mwenye uzoefu, na ningependa vyama vyetu vya walimu vilisemee jambo hili. Mwalimu wa serikali anahitaji likizo bila malipo iliyoandikwa, na uhakika wa kurudi kituoni kwake. Thailand huhesabu hata kujitolea kuwa kazi, kwa hiyo viza ya utalii haitoshi, ni lazima uwe na viza inayofaa na kibali cha kazi. Atakayekudanganya kwamba huhitaji anakuweka wewe na kituo hatarini. Beba cheti cha polisi cha tabia njema, maana vituo makini hukiuliza, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Ukipata nafasi, mwandikie mwalimu mkuu mapema, umwulize anataka msaada katika somo gani na darasa la nani, na umwombe huyo mwalimu ndiye awe mwenzako kwa muda wote. Mwaka wa shule kwa vituo vinavyofuata Kiburma huanza Juni, na vya mfumo wa Kithai huanza Mei. Ratiba hupangwa wiki chache kabla. Anayefika Aprili atakuta joto kali, shule zimefungwa, na walimu wana nafasi ya kukaa naye kupanga mwaka mzima.